Siku Nne Nilizomnyamazisha Fabiola

Mimi ni mkulima wa Tlawi, juu kule Mbulu. Nalima vitunguu saumu, mahindi na maharage, na nina ng'ombe watatu. Kuandika si kazi yangu. Ila kuna muuguzi aliniomba nizungumze na wazazi ambao watoto wao wanasubiri kupasuliwa kichwa, niwaeleze yaliyonipata. Nilikubali. Siku ilipofika nilisimama mbele yao, wengi wao akina mama wenye watoto mapajani, nikataja jina langu na jina la mtoto wangu, kisha sauti ikagoma. Nikaketi. Niliporudi nyumbani nilinunua daftari, maana daftari halikutazami usoni.

Mtoto wangu ni Fabiola, kifungua mimba wetu. Ugonjwa ulipoanza alikuwa na miaka minane, darasa la pili. Ulikuwa wakati wa palizi ya kwanza ya mahindi. Akiamka asubuhi anashika kichwa. "Baba, kichwa." Anakunywa uji, anautapika pale mlangoni, halafu jua likipanda kidogo anakuwa mzima, anacheza na wenzake. Mimi nikasema huyu anakwepa shule. Mtoto gani anaumwa asubuhi tu, mchana akapona? Mke wangu Katarina alisema tumpeleke hospitali. Nikamwambia palizi kwanza.

Siku moja alikataa kabisa kuinuka kitandani. Nikachukua fimbo ya kuswagia ng'ombe nikamchapa miguuni mara tatu. Akainuka, akavaa sare, akaenda. Hakulia. Nilimtazama akishuka njia ya shule nikajisifia moyoni kwamba huyu kweli ni damu yangu. Kwetu mtoto asiyelia anasifiwa. Nilipokuwa na umri kama wake plau ilinikata kisigino, baba yangu akanifunga kitambaa akaniambia nikilia ananiongeza. Mpaka leo wapo wazee wanaosimulia kwamba sikulia. Nilikuwa nikiisikia habari hiyo kama sifa.

Mwalimu wake ndiye aliyeniokoa na ujinga wangu, ingawa alichelewa kwa sababu mimi nilichelewa. Aliniita shuleni akanionyesha daftari. Mistari ya Fabiola ilikuwa inateremka, herufi zimepandana. "Baba Fabiola," akasema, "huyu mtoto anatembea ameegemea ukuta. Jana ameanguka mara mbili hapa uwanjani, na hakuna aliyemsukuma. Huu si utoro."

Tulikwenda hospitali, tukatumwa nyingine, akapigwa picha ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe nyuma ya kichwa, chini, karibu na shingo. Daktari akasema ni lazima utolewe, na utatolewa kwenye hospitali kubwa ya rufaa, mbali. Nilipotoka nje nikamkuta Fabiola amekaa kwenye benchi anabembea miguu. Niliiangalia ile miguu niliyoichapa, nikaketi kando yake.

Wakati huo Katarina alikuwa Mogitu kwa mama yake. Mimba yake ilikuwa inamsumbua na ilikuwa imefika mwezi wa nane. Hakuweza kusafiri, kwa hiyo nikaenda mimi. Basi la Singida lilipofika Mogitu, alikuwa amesimama kando ya barabara na mama mkwe. Kondakta akatupa dakika chache. Katarina alimbusu mtoto kupitia dirishani, akampa kanga yake, kisha akanitazama mimi.

"Wewe huna subira na mtoto anayelia," akasema. "Safari hii jitahidi."

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu.

Wodini wanaume wauguzaji tulikuwa wachache, na kwenye chumba chetu nilikuwa peke yangu. Akina mama walifua pamoja, walikula pamoja, walijua majina ya watoto wote. Mimi nilikaa kwenye stuli kando ya kitanda kama mtu aliyekuja kutembelea. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo bibi Mbarbaig kutoka Gendabi, anamuuguza mjukuu wake wa kike, mtoto mchanga aliyetolewa maji kichwani. Wodi nzima walimwita Bibi wa Gendabi. Alivaa shuka lake la zambarau na bangili za shaba, Kiswahili chake kidogo, lakini akina mama waliongea naye bila aibu. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa sababu ndiyo heshima, lakini sikuongea naye zaidi. Sisi Wairaqw na Wabarbaig tuna ugomvi wetu wa zamani wa mifugo, na mimi nilikuwa nimeubeba mpaka wodini.

Siku ya upasuaji walimnyoa Fabiola nywele. Akajigusa kichwa akacheka kidogo. Kisha akaniuliza, "Baba, itauma?"

"Haitauma. Utalala."

Niliamini, naye akaamini. Nilingoja kwenye benchi la korido tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa unafunguka kila mara na mimi nasimama kila mara. Daktari alipotoka na kusema uvimbe umetoka na mtoto anapumua vizuri, nilimshukuru, nikazunguka nyuma ya jengo kwenye kamba za kuanikia nguo, nikalia kati ya mashuka ya watu yaliyolowa. Kumbe mimi ninajua kulia. Nilichojua pia ni kujificha.

Alikaa siku mbili chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya tatu wakamrudisha wodini. Hapo ndipo zinapoanza siku nne ninazotaka kuzieleza.

Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yakabaki vijistari. Nyuma ya kichwa kulikuwa na bendeji kubwa, na shingo yake ilikakamaa kama amefungwa ubao. Walipomhamisha kutoka kitanda cha magurudumu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, nyembamba, ndefu. "Aayo," aliita, yaani mama, kwa Kiiraqw. "Aayo, aayo." Kisha akanitambua. "Baba, kichwa kinapasuka. Shingo, baba."

Akina mama wote wakageuka. Wengine walikuwa na huruma tu, sasa naelewa. Wakati ule niliona wananipima. Huyu mwanaume ataweza? Na mtoto analia, anazidi, na mimi mikono yangu haijui iwekwe wapi. Nikainama sikioni mwake, nikasema maneno haya. Nayaandika kama nilivyoyasema.

"Nyamaza. Ukilia nyuzi zitakatika, kidonda kitafunguka. Wakiona kimefunguka watakurudisha kule ndani wakupasue tena. Unataka kurudi?"

Akanyamaza hapohapo. Machozi yalikuwa bado yanashuka, lakini mdomo aliufunga akaubana kwa meno. Mama mmoja akasema, "Jamani, huyu mtoto anamsikia baba yake." Nikajisikia vizuri. Naomba msomaji uelewe kwamba nilijisikia vizuri.

Muuguzi wetu nitamwita Sista Neema. Alipita na daftari lake la wagonjwa, akainama. "Fabiola, mama, unaumwa wapi?"

Fabiola akanitazama mimi.

"Haumwi, sista," nikasema. "Huyu ni jasiri."

"Nataka aseme mwenyewe."

"Kiswahili chake ni kidogo."

Uongo mwingine. Fabiola alikuwa wa tatu darasani kwa Kiswahili, alikuwa anamsomea bibi yake barua za kanisani. Alinisikia nikisema hivyo. Sista akaniambia, "Baba, dawa ya maumivu ipo. Akiumwa mniambie, nampa." Nikaitikia kwa kichwa. Asubuhi na jioni alipokea dawa zake kama wengine, lakini ile ya kuongezewa akizidiwa sikuiomba hata mara moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sababu zilikuwepo, na kila moja ilionekana nzuri. Niliwahi kusikia sokoni kwamba dawa kali za maumivu zinadumaza akili ya mtoto, na akili ya huyu ilikuwa imeshaguswa na kisu. Niliogopa kwamba akisema anaumwa watatuweka zaidi, na vitunguu vilikuwa shambani vimeshaanza kukauka majani. Lakini chini kabisa ya hizo sababu ilikuwepo moja tu. Nilitaka waseme mtoto wa fulani hakulia.

Siku ya pili hakugeuka kitandani. Alilala ubavu mmoja, mkono wa kulia umeshika chuma cha kitanda. Nikimwinua anywe uji anafumba macho, anakunywa vijiko viwili, anatikisa kidole kwamba basi. Hakutikisa kichwa, alitikisa kidole. Nililiona hilo na sikujiuliza.

Siku ya tatu alitapika. Nikafuta kwa kitambaa, nikabadilisha shuka, Sista alipouliza kuhusu shuka nikasema uji uliochacha umemwagika. Mchana wote alisinzia. Nikasema anapumzika, ndiyo kupona huko.

Alasiri hiyo Bibi wa Gendabi, aliyekuwa anambembeleza mjukuu wake, alinyoosha mkono akanigusa begani.

"Baba. Mtoto yako naumwa."

"Haumwi, bibi. Amelala."

"Hapana lala. Angalia dole ya mguu." Nikaangalia. Vidole vya miguu vya Fabiola vilikuwa vimekunjwa, vimebana shuka kama mtu anayeshikilia asianguke. "Ng'ombe hana sema," bibi akaendelea. "Lakini mimi najua. Akiumwa naacha cheua, nasimama peke yake. Hii mtoto nasimama peke yake."

Nikamjibu jibu baya. "Huyu si ng'ombe, bibi. Angalia wa kwako."

Mama wa umri wa mama yangu. Mimi niliyefundishwa tangu utotoni kumpisha mkubwa njia. Alivua shuka lake la zambarau, akalitundika kwenye dirisha lililokuwa linammulika Fabiola machoni, akarudi kukaa. Muda si mrefu baada ya kivuli kuingia, nikaona vidole vya miguu vimelegea kidogo. Hata hilo sikumshukuru.

Siku ya nne, asubuhi, nilitoka kwenda kufua. Nilipomaliza nikarudi na beseni, nikakuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda. Nikasikia sauti ya Sista Neema, ya chini. Nikasimama upande wa pili wa pazia na beseni mkononi.

"Angalia hapa, mama," alikuwa anasema. Baadaye niliiona ile kadi. Ilikuwa na nyuso zimechorwa kwa mstari, wa kwanza anacheka, wa mwisho analia machozi. "Huyu hana maumivu. Huyu yanamuuma kidogo. Huyu zaidi. Huyu wa mwisho yanamuuma kuliko yote. Wewe ni yupi? Onyesha tu kwa kidole."

Nikasikia kidole kikigusa kadi.

"Huyu?" Sista akauliza, na sauti yake ikabadilika. "Huyu wa mwisho? Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kule." Kiswahili safi, polepole. "Lakini usimwambie baba."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Baba amesema nikilia kidonda kitafunguka mnipasue tena. Mimi sijalia, sista. Angalia. Sijalia hata kidogo."

Beseni lilinitoka, nguo zote zikamwagika sakafuni. Sista alivuta pazia. Fabiola aliponiona alifumba macho haraka, akajifanya amelala.

Sista hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alisema, "Baba, ngoja hapo," akamwita daktari. Walimpa dawa kwenye mshipa, na ndani ya muda mfupi mkono wa kulia ukaachia chuma cha kitanda. Kwenye kiganja kulikuwa na alama ya mstari mwekundu. Siku nne alikuwa ameshika pale.

Daktari alimmulika macho, akamgusa shingo, akaniuliza kuhusu kutapika. Sasa nikasema kweli. Ametapika jana. Amekuwa akisinzia. Kila neno daktari aliandika, na kila neno nililitoa kama ninatapika mimi. Wakampeleka kupigwa picha. Ilipotoka, daktari akaniita pembeni.

"Maji yamejikusanya kichwani," akasema. "Yangeweza kujikusanya hata angelia, hili silo ulilolisababisha wewe. Lakini maumivu yanayozidi ndiyo yanayotuambia tuangalie mapema. Huyu hakutuambia. Inabidi arudi chumba cha upasuaji leo, tumwekee mrija wa kuyatoa."

Nikasaini karatasi. Jina langu likateremka kama mistari ya daftari la Fabiola.

Wa kumwambia Fabiola nilikuwa mimi. Sista akaniuliza kama nataka amwambie yeye, nikasema hapana. Nilipiga magoti kando ya kitanda ili uso wangu uwe sawa na wa kwake. Nikasema, "Fabiola, daktari anataka kukurudisha kule ndani kidogo."

Hakulia. Alinitazama kwa yale macho yaliyovimba, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kwa sababu nimesema."

Nikaushika mkono wake wenye alama. Akaendelea:

"Nisamehe, baba. Sitasema tena."

Hilo ndilo lililonishinda kusimulia mbele ya wale wazazi. Mtoto wa miaka minane, kichwa kimefungwa bendeji, ananiomba mimi msamaha.

Wodi nzima ilikuwa inatutazama. Mama aliyenisifu siku ya kwanza alikuwepo. Bibi wa Gendabi alikuwepo. Sista alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nikajua kwamba nikinong'ona, atadhani ni siri nyingine. Kwa hiyo nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Baba alikudanganya. Kulia hakufungui kidonda. Kusema hakumrudishi mtu ndani. Nilisema uongo kwa sababu niliona aibu ukilia mbele za watu. Kosa ni langu, si lako. Unarudi kwa sababu ya maji kichwani, na kama ungesema siku ya kwanza wangekusaidia siku ya kwanza. Muulize sista kama nasema kweli."

Fabiola akageuza macho, si kichwa, kwa Sista.

"Ni kweli, mama," Sista akasema. "Hapa mtoto anayelia anapewa dawa. Hapasuliwi."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Sasa hivi naweza kulia?"

"Lia," nikamwambia.

Akajaribu. Mdomo ulitetemeka, sauti haikuja. Alikuwa ameizuia siku nne, ikawa haijui njia. Walimchukua hivyohivyo, akiwa mkavu.

Safari hii hawakukawia sana huko ndani. Nilikaa kwenye benchi lilelile na Bibi wa Gendabi akaja kukaa karibu, mjukuu kamfunga mgongoni. Nilimwambia, "Bibi, naomba unisamehe kwa maneno yangu." Akapiga ulimi kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchemsha. Tukala pamoja.

Fabiola aliporudi aliumwa, ndiyo, lakini si peke yake. Dawa ilikuja kwa saa yake, kabla maumivu hayajapanda, na Sista akanifundisha kwamba ukiyasubiri yapande ndipo uyafukuze unachelewa. Kanga ya Katarina tuliiviringisha tukaiweka chini ya shingo, nayo ikamfaa kuliko mto wa hospitali. Tuligundua kwamba kumgeuza kwa shuka, watu wawili, kunauma kidogo kuliko kumshika mabega. Kadi ya nyuso ikabaki kwenye kabati la kitanda. Mwanzoni alionyesha wa kwanza, anayecheka, kila nikiwepo. Sista akaanza kuniomba nitoke. Nikawa natoka bila kuambiwa. Siku ya tatu baada ya mrija, nikiwa nimekaa palepale, alinyoosha kidole kwenye uso wa nne, wa maumivu makali, huku ananiangalia kama mtu anayejaribu kama daraja litambeba. Nikaenda kumwita Sista, nikikimbia.

Katarina alikuwa amejifungua salama wiki hiyo, mtoto wa kike. Nilimpigia simu nikamwambia yote, pamoja na maneno niliyomwambia Fabiola sikioni. Ningeweza kuficha. 

"Kwamba unachapa nilijua," akasema. "Hili sikulijua." Kisha akasema, "Mpe mtoto simu."

Nyuzi zilitolewa. Majibu ya uvimbe yalikuja, daktari akasema si wa aina mbaya, utafuatiliwa kwa picha. Tulirudi Tlawi wakati wa baridi, ukungu umelala bondeni mpaka saa nne asubuhi. Vitunguu vyangu majirani walikuwa wamevichimba na kuvianika, muumini mwenzangu mmoja wa kanisani alipanga zamu bila mimi kuomba. Fabiola alijifunza kutembea upya kwa kushika uzio wa zizi. Baridi ilimuuma kwenye kovu, akawa anavaa kofia ya sufu hata ndani. Katarina alinipikia, aliniamkia, alinijibu nilipouliza, lakini kwa miezi kadhaa hakukaa nami jikoni jioni kuota moto kama zamani. Sikumlaumu. Mvua za vuli zilipoanza siku moja akaja akakaa, hakusema kwa nini.

Mzazi mwenzangu, kama umeketi kwenye stuli kando ya kitanda cha namna hiyo, sina elimu ya kukupa. Nitakuambia tu nilichokiona. Mtoto aliyepasuliwa kichwa na amenyamaza kimya, asiyegeuka, asiyekula, anayesinzia kutwa, huyo si lazima awe amepona. Mwulize, kisha umwache ajibu mwenyewe. Akikuangalia kwanza kabla ya kujibu, toka nje. Dawa iombe. Swali uliza hata kama ni la kijinga. Na kama umeshamwambia neno kama langu, usingoje siku nne. Mwambie leo kwamba ulidanganya, na useme kwa sauti.

Watu wema wameniambia nijisamehe. Padri aliniambia. Sista Neema aliniambia tulipokwenda kliniki, na ndiye aliyeniomba nizungumze na wazazi. Nimejaribu. Aibu hii haijanitoka, na siku hizi sitaki itoke yote, kwa sababu inanifanya nisikilize.

Fabiola sasa yuko darasa la nne. Nywele zimeota, isipokuwa mstari mmoja nyuma. Anatembea vizuri akiwa hana haraka, akiwa na haraka anayumba kidogo. Mwezi uliopita tulikuwa shambani, mimi napalilia, yeye, miguu peku, anaokota majani ya ng'ombe, Katarina yuko mbali upande wa juu na mtoto mgongoni. Akakanyaga mwiba wa mgunga, mrefu, ukaingia kisiginoni. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nikatupa jembe, nikanyoosha mikono.

Alipiga ukelele. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, hata mzee wa shamba la jirani akasimama akauliza nani amekufa. Tangu upasuaji sikuwa nimemsikia akilia hivyo. Alinipita palepale nilipokuwa nimenyoosha mikono, akichechemea, akapanda mteremko wote kwenda kwa mama yake.

Nikabaki nimesimama kwenye mahindi, nikimsikiliza mpaka alipotulia.